Mkasi Aliopewa Gathoni

Nyumbani kwa Mama,
Giakanja,
S.L.P. Nyeri.
Jumapili, 28 Machi 1976

Mpendwa dada Magdaline,

Pokea salamu kutoka baridi yetu hadi huko kwenu Taita. U hali gani wewe, na shemeji Mwakio, na watoto? Mguu wa shemeji ulipona baada ya kuanguka na baiskeli, au bado anafundisha akiwa ameketi? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakohoa asubuhi tu. Dawa yake ni kufichwa ugoro, na kazi hiyo hapa nyumbani hakuna anayeiweza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, ili shemeji naye asome. Lakini ukifika mahali nilipochora msalaba pembeni, mwambie barua imekwisha, kisha umalizie peke yako.

Ng'ombe mwekundu alizaa ndama jike wiki iliyopita. Mvua imeanza na maharagwe yako ardhini. Ndugu yetu Theuri amepata mchumba huko Othaya, msichana mrefu kumpita, na Mama anasema heri hivyo, atatuchumia parachichi za juu.

Barua yako ya Februari niliipata. Unasema huko shuleni kwenu mnaanza kazi kwa Salamu Maria, na Ijumaa Sista anawaruhusu mwende kwenye Njia ya Msalaba. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili furaha ikapungua, mara ya tatu nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Nilikuonea wivu, dada. Heri nikuambie mwenyewe kuliko uje ukisie kutokana na kuchelewa kwangu kujibu.

†

Unajua nashona kwa Mzee Kingori, kwenye karakana yake ya sare za shule nyuma ya soko la Nyeri. Ni mtu wa haki, siwezi kumsingizia. Ila ameokoka, na anataka kila aliye chini ya paa lake awe ameokoka pia. Asubuhi kabla cherehani hazijaguswa tunasimama duara na watu wanatoa ushuhuda. Mmoja atakiri kwamba alimsengenya mwenzake, mwingine kwamba alificha sindano nzuri. Aliyekosewa anasamehe papo hapo, kisha wanaimba. Wanaita hivyo kutembea nuruni. Kati ya watu kumi na mmoja Wakatoliki tulikuwa wawili, mimi na Gathoni. Mimi nilisimama kila siku bila kusema neno, na kimya changu kiliwaudhi kuliko matusi.

Basi nikaitwa mtu wa shanga. Rozari niliyoitundika kwenye cherehani yangu niliikuta mara mbili ndani ya gunia la vipande chakavu. Ngatia, yule mpiga pasi, ndiye aliyekuwa hodari wa maneno. Siku moja aliniuliza mbele ya wote, "Ati wewe bado unaenda kuambia mzungu dhambi zako kwa sanduku? Hiyo sanduku iko na masikio?" Walicheka mpaka Mzee Kingori akakohoa. Nilicheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Gathoni unamkumbuka. Tulisoma naye katekisimu, na kila Padre alipouliza Amri Kumi yeye alizitoa tisa. Alianza kazi mwaka mmoja baada yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kupinda upindo. Agosti iliyopita alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa waliookoka, na Jumatatu akasimama kwenye duara akalia na kushuhudia. Wakamkumbatia mmoja mmoja. Tangu siku ile chai yake ilimiminwa kwanza, na kiti chake kikasogezwa dirishani kwenye mwanga. Ana mume, ana watoto watatu, sauti yake inawafanya watu wageuke wakati wa kuimba, na sasa akawa na kiti cha dirishani. Mimi nina Mama na ugoro wake. Usinihubirie, najua ni dhambi gani hiyo.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni mkasi. Mimi ndiye niliyekuwa mkataji. Pale kwetu wote wanashona, lakini anayekata ni mmoja, na akikosea yeye wote wamekosea. Mzee Kingori hakuwahi kupima nyuma yangu.

Jumatano ya Majivu nilikwenda Misa ya alfajiri, nikafika kazini na majivu kwenye paji la uso. Tulikuwa na mashati meupe siku hiyo. Mzee Kingori aliniita akasema kwa upole kwamba nikanawe, nisije nikachafua kitambaa cha watu. Nikamwambia mikono yangu ni safi, na kitambaa sikikati kwa paji la uso. Hakukasirika. Aliagiza beseni la maji likawekwa mbele yangu juu ya meza ya kukatia, na wote wakaacha kushona wakangoja.

Sikunawa, Magdaline. Ningependa kukuambia ni kwa imani, na labda nusu ilikuwa imani. Nusu nyingine ni kwamba Gathoni alikuwa akinitazama, na miaka yote tulipakwa majivu pamoja, na yeye mwaka huu alikuwa na uso safi. Mzee Kingori akasema anayeshika mkasi lazima awe mtu anayeweza kuomba pamoja naye. Akauchukua akampa Gathoni. Mimi nikapelekwa nyuma kushona vifungo.

Ningeishia hapo ungenisifu, na Sista angewasomea wasichana barua yangu. Ngoja sasa usikie lililobaki.

Wiki iliyofuata yaliletwa majora ya kitambaa cha buluu, ya sketi za shule moja ya wasichana. Nilipoligusa moja nilijua. Kuna pamba ambayo lazima uiloweshe usiku mzima na kuianika kabla ya kuikata, maana ikifuliwa inanywea. Gathoni alikuwa na wasiwasi. Alinijia na kipande mkononi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kiko sawa au kiloweshwe kwanza. Nikamwambia kiko sawa, akate.

Akakata sketi themanini na nne.

Zilirudi baada ya kufuliwa mara moja. Mwalimu mkuu mwenyewe alizileta, akainua moja mbele ya wateja, nayo ilimfaa mtoto wa darasa la pili. Mzee Kingori alimwita Gathoni akamuuliza kama hakujua kitambaa hulowekwa. Mimi nilikuwa nyuma na kifungo mdomoni, nikingoja ataje jina langu. Hakulitaja. Alisema alikosa. Akaambiwa mwisho wa mwezi aondoke, aliyeokoka au la, maana hasara haiokoki.

Je, nilifurahi? Nilifurahi siku ile yote. Nilikula vizuri jioni. Kesho yake nilipomwona akifagia vipande vya buluu chini ya meza, na mumewe hana kazi tangu Krismasi, chakula changu cha mchana nikakirudisha nyumbani bila kukigusa. Kwa nini hakunitaja? Ningekuwa mimi ningemtaja kabla swali halijaisha. Hata hilo nilimwonea wivu.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padre wetu ni mzee, anasikia kwa sikio moja, lakini hili alilisikia. Aliniondolea dhambi, kisha akaniambia jina la Gathoni nimelichafua kwa watu, basi ni kwa watu nilisafishe. Nikamwambia, Padre, nitafukuzwa. Akajibu kwamba hilo hakuniuliza.

Jumatatu nikamwendea Mzee Kingori ofisini kabla ya saa mbili nikamwomba dakika mbili. Alipoona ni jambo la kukiri alisimama, akafungua mlango. Akasema mambo kama hayo hayasemwi gizani, yana mahali pake na saa yake, na saa yenyewe ndiyo hiyo. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nikajikuta katikati ya duara ambalo nilikuwa nimelikataa miaka miwili.

Nikasema yote. Kwamba niligusa kitambaa nikajua, kwamba Gathoni aliniuliza, kwamba nilimwambia akate, na kwamba nilifanya hivyo kwa wivu. Neno wivu lilikuwa gumu kulitoa kuliko mengine. Kabla sijafunga mdomo Ngatia alikuwa ameanza kulia, na mmoja akaanzisha wimbo, na wote wakadakia. Wakanijia na kunikumbatia. Mzee Kingori alinishika mabega machozi yakimtoka, akasema, "Watiri ameona nuru. Hii siku tumeiomba mbele ya Mungu miaka mbili." Akamwambia Gathoni hataondoka tena. Kisha akaenda mezani akaja na mkasi, akauweka mkononi mwangu.

Walidhani nimeokoka, unaelewa? Wao hawajui njia nyingine ya mtu kusimama mbele ya watu na kusema dhambi yake. Na mimi nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, jambo ambalo nilikuwa nimelizoea. Mkasi ulikuwa mkononi. Chai yangu ingemiminwa kwanza. Nakuambia kweli, walimaliza beti mbili nami nimenyamaza, na nilikuwa naanza kupenda kukumbatiwa.

Ubeti wa tatu nikasema, "Mzee, mimi sijahama. Niliungama Jumamosi kwa Padre, na ni yeye amenituma hapa."

Wimbo haukukatika mara moja. Ulipungua mtu mmoja mmoja, mpaka akabaki mama mmoja wa nyuma ambaye hakuwa amesikia. Mikono ikaniachia. Mzee Kingori alinyoosha wake, nikamrudishia mkasi. Hakusema neno baya. Ngatia alifuta macho, na nadhani alinichukia zaidi kwa sababu ya machozi aliyotumia.

Ijumaa nikapewa barua yangu. Naondoka tarehe thelathini na moja, yaani Jumatano hii. Sababu iliyoandikwa ni kitambaa. Si majivu, si rozari, ni kitambaa, na ni kweli, na siwezi kumlalamikia mtu. Miaka miwili nimechekwa kwa ajili ya dini yangu, na siku ya kufukuzwa nimefukuzwa kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa tayari nimejiona kidogo kama wale mashahidi tuliofundishwa. Hata wao nawaonea wivu sasa, maana wao angalau walikuwa na haki.

Jana alasiri Gathoni alikuja hapa kwetu, kwa miguu, mvua ikimnyeshea. Nilidhani amekuja kunisuta, nikatayarisha maneno. Hakutaja sketi. Alitoa chini ya shuka lake kitambaa cheupe, kizuri, amekifunga kwa karatasi ya sukari. Binti yake wa kwanza, Wacera, anaishi kwa nyanya yake, na yule bibi kizee hajahama dini wala hatahama. Baada ya Pasaka Wacera anapokea Komunyo ya Kwanza. Gathoni hawezi kuishona nguo hiyo kwenye karakana watu wakaona, na nyumbani hana cherehani. Akasema, "Nimefikiria ni nani ataishona kama ni ya mtoto wake. Nikaona ni wewe."

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja kwa Mzee. Akasema mkataji ni yeye, na mkataji hakati kwa macho ya mtu mwingine. Magdaline, mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo, alipokuwa mgeni kazini.

Kazi nitatafuta. Kama kwenu shuleni wanahitaji fundi wa sare, niulizie kwa Sista, lakini mweleze ukweli wote, usinipake rangi. Kama hawahitaji, usiumie. Mama anasema tutakula maharagwe.

Mama anakusalimu sana, na Theuri, na Mama Mdogo Wangechi ambaye bado anauliza utarudi lini kana kwamba ulikwenda sokoni. Nisalimie shemeji na umwambie pole kwa mguu. Wabusu watoto mmoja mmoja. Bwana awalinde kwenye Kwaresima hii na awafikishe Pasaka mkiwa wazima, na Mama Maria awafunike.

Wako akupendaye, hata anapokuonea wivu,

Watiri

Kitambaa cha Wacera nilikilowesha jana, na leo kilipokauka nimekikata. Nitaishona nguo ile vizuri kuliko yote niliyowahi kushona. Ila sijui bado kama ni kwa upendo, au ni ili kanisa zima lione ni nani aliyestahili ule mkasi. Niombee nilijue hilo kabla sijafika kwenye vifungo.