Chupa ya Mukojo Uliyotoa mu Frigo

Baba Chanelle,

Maharagwe iko mu sufuria. Maji ya kile kisima usiguse, hata ukichemsha: daktari alisema ile sumu ya arseniki haitoki kwa moto.

Nani alikutuma utoe chupa ya mutoto mu frigo uweke bia zako? Nilikuambia jana: mukojo ile lazima ikae baridi, mu giza. Ikipata joto sumu inageuka, labo ikiipima haitajua tena ni arseniki ya aina gani inamumaliza mutoto. Asubuhi nimeikuta kwa dirisha, inapigwa na jua. Nikakuamusha, ukasema: «Si ni mukojo tu?» Ukarudi kulala.

Mukojo tu! Chanelle anatapika wiki ya pili, ngozi ya mikono inatoka. Dévote, jirani wetu muuguzi, angepeleka ile chupa kwa labo ya kazini kwake. Sasa anasema mutoto mwenyewe aende akojoe kule kule labo. Basi namubeba mugongoni, tunapita Kamenge, pale walipiga watu risasi jana.

Funga mulango vizuri.

~~Usitufuate.~~ Ukisoma hii, utufuate mbio. Natembea polepole, mutoto ni muzito.

Mama Chanelle