Wembe Uko Kwenye Droo ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkata mteja sikio. Kidogo tu, lakini damu ni damu. Mkono wangu huu, unaosifiwa mtaa mzima! Na mteja mwenyewe ni Mwalimu mstaafu, mzee wa watu, kichwa kinamtetemeka na hamwachii mtu mwingine kidevu chake. Yeye kasema si kitu. Dada ndiye aliyetokeza kutoka upande wake wa pazia, anakosuka kina mama, akautazama wembe, akanitazama mimi, akauchukua. Kaufungia kwenye droo yake ya vitana, ufunguo kautia ndani ya kilemba.

“Mdogo wangu, huu utauona ukishalala.”

Nanyang’anywa wembe kwenye duka langu! Nusu ni lake, sawa. Nimebaki na mashine ya umeme, na mashine hata shemeji yangu anaweza kuishika.

Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana silali. Mke wangu akigusa mto tu, huyoo, kashazama. Mimi nayakodolea macho mabati. Na kinachoniuma zaidi, wateja wangu ndio mabingwa wa kulala! Taulo la moto, mkono wa polepole, redio chini chini — kwenye kiti changu hata askari hukoroma.

Jumatano, 5 Machi

Hospitali. Nilidhani nitapewa vidonge nirudi kazini. Wapi! Daktari kauliza kama nakoroma, kama nashtuka kwa kukosa pumzi, nina mawazo gani, natumia dawa gani. Kapima presha. Kasema hatuanzi na vidonge, kuna mtaalamu wa usingizi ghorofa ya juu, nimwone wiki ijayo. Sikujua kama usingizi nao una ofisi.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaalamu ni binti mdogo mwenye viatu vya raba. Nilijikunja kitini nikijua nimeliwa muda wangu. Baadaye nikajikunjua. Kasema kitanda changu kimeshazoea kuniona macho, sasa lazima tukifundishe upya. Niamke saa ile ile kila siku, hata Jumapili. Nipande kitandani usingizi ukinijia, siyo kwa sababu saa imefika. Nikikaa macho, nitoke, nikakae sebuleni mpaka nisinzie. Simu ilale chumba kingine. Kahawa mwisho asubuhi. Na kulala mchana — marufuku! Kaonya kwamba mwanzoni nitachoka kuliko sasa, kwa hiyo wembe nisiuguse. Dada yako ana akili, kasema.

Hilo la mwisho sikulifikisha kwa Dada.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata dawa mwenyewe! Siku hizi chache za kumsikiliza binti zimeniacha hoi, nikajiuliza: nani mjuzi wa kulaza watu hapa mjini? Baada ya chakula cha mchana nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti changu, taulo la moto usoni, redio chini chini. Nikalala fofofo! Nimeamka jioni, wateja wamebisha hodi wakachoka. Nimemtangazia kila mtu kwamba nimepona. Dada hakupeleka hata mkono kwenye kilemba.

Jumatano, 19 Machi

Macho makavu mpaka asubuhi. Hata lepe la usingizi. Naandika nikipiga miayo.

Jumatano, 26 Machi

Nilimweleza mtaalamu habari ya kiti. Nilitegemea anipe vidonge vyangu, akacheka mpaka akafuta macho. Kasema mtu akishiba saa kumi, asilaumu sufuria la jioni. Basi. Kwamba mwili wangu umeweza kulala vile ni habari njema, usingizi upo, nimeuweka mahali pabaya tu. Nimetoka pale nikitembea kifua mbele. Upo! Mke wangu sasa ndiye mlinzi wa kiti — kila siku baada ya chakula, kabla sijaegemea, ananipigia simu.

Jumamosi, 29 Machi

Usiku wa tatu mfululizo nimelala. Siyo kama Mwalimu anavyolala kitini kwangu, lakini nimelala. Sebuleni nimekwenda mara moja tu, nikarudi nikiyumba kwa usingizi. Nimemwambia Dada alete puto. Hivi ndivyo marehemu baba alivyotufundisha sote wawili: unapuliza puto, unalipaka povu, unalinyoa mpaka povu liishe, puto lisipasuke. Dada kafungua droo, kasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Nikaanza vizuri. Karibu na kifundo — paa! Povu mpaka kwenye nywele za mteja wake.

“Bado,” kasema. Droo ikafungwa.

Nimeudhika, siwezi kuficha. Lakini mkono umerudi zaidi ya nusu, nausikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandikia dukani, haraka.

Wiki nzima nimelala kama mtu. Jana puto limenyolewa likabaki linang’aa, Dada kaligeuza kila upande, kosa hakuliona. Leo kaja Mwalimu mwenyewe. Kasema mashine imemchosha, inamkwaruza, anataka mkono wangu. Nikamwekea taulo. Nikageuka, wembe uko mezani! Dada kauacha pale, karudi nyuma ya pazia.

Mwezi mzima nimeungoja huu wembe. Nikaunoa. Ulivyonikaa mkononi, nilitaka kulia.

Ila usiku wa jana nimelala vibaya. Furaha ya puto, nadhani. Mtaalamu alishaniambia usiku mmoja mbaya siyo kurudi nyuma, nami namwamini, na mkono umetulia kabisa. Hakuna anayejua. Mke wangu mwenyewe alikuwa anakoroma.

Nikalivuta pazia.

“Dada, jana sikulala vizuri.”

Kautazama wembe. Nikajua unarudi kwenye droo. Badala yake kaacha msuko katikati, katia mkono kwenye kabati, katoa puto.

Kumbe Mwalimu hajalala! Sauti ikatoka chini ya taulo: “Puliza kubwa, binti yangu. Shingo ni yangu.”

Dada anapuliza. Mashavu yamemvimba, kilemba kimekaa upande. Mteja wake kageuza kiti ili aone vizuri. Sasa anafunga kifundo. Anapaka povu.

Ananiita.