Bibi Yangu Anajiandaa Kufa kwa Maneno Ambayo Hakuyasema

Mpendwa Mama Ameir,

Hili ninalokuandikia kwenye ukurasa wako wa gazeti halijawahi kutoka mdomoni mwangu, hata kwa mama yangu mzazi, hata kwenye maombi, kwa sababu kanisani kwetu watu huomba kwa sauti na aliye karibu husikia. Nina miaka kumi na sita, naishi Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, na bibi yangu, na majina yote humu nimeyabadilisha. Bibi nitamwita Melania. Naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo sijui.

Sisi ni Warundi lakini mimi nimezaliwa Kigoma, nimesoma huko kwa Kiswahili mpaka darasa la tano, halafu tukaja Johannesburg nikaanza upya kwa Kiingereza, kwa hiyo nyumbani kwetu mimi ndiye mdomo. Mama anafanya kazi za ndani Sandton kwa matajiri na analala hukohuko, anarudi mwisho wa mwezi. Bibi akienda kliniki naenda naye, nesi anasema, mimi natafsiri, Bibi anajibu, mimi natafsiri. Ofisi ya vibali ni mimi, mwenye nyumba ni mimi. Shuleni siongei na mtu, naona aibu, wanacheka ninavyotamka, lakini nikiwa na Bibi naongea kwa niaba ya watu wawili.

Bibi si mgonjwa, naomba uelewe hilo kwanza. Anashona sare za shule na magauni ya harusi kwa cherehani ya umeme, na anaongoza kwaya ya akina mama, na mtu akiimba vibaya anamsimamisha hapohapo hata awe mke wa mchungaji. Shida yetu ni baridi. Umeme wa hapa ni wa kununua kama LUKU ya nyumbani, kila mwaka wanapandisha bei, na uniti zikikaribia kuisha inabidi kuchagua, hita au cherehani, na wakati huo hita yenyewe ilikuwa ya zamani, inakula umeme kuliko inavyotoa joto, basi Bibi kila siku alichagua cherehani. "Mikono ikifanya kazi mwili unapata moto," ndivyo anavyosema. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nafanya hesabu za shule na glavu mkononi.

Mwezi wa sita wakaja watu wanaosaidia wazee wakati wa baridi, kanisa ndilo lililopeleka jina la Bibi. Wanatoa hita nzuri na vocha za umeme, ila kwanza wanapiga filamu fupi ya kuonyesha kwenye tivii ili watu wachange. Bibi aliposikia kuna kamera alijiandaa kama anakwenda harusini. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akavaa hereni, akafuta vumbi kwenye cherehani, akaniambia, "Waoneshe na hii. Wajue wamekuja kwa fundi."

Dada wa kamera alikuwa mpole sana, Mama Ameir, sitaki kumsema vibaya. Lakini alipomwona Bibi niliona uso wake umeshuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hana blanketi?" Nikamwelewa mara moja kwa sababu tivii naiangalia. Kwenye tivii ya hapa wazee ni wa aina mbili. Kuna wa tangazo la bima ya mazishi, huyo anacheka na wajukuu kwenye majani, na kuna wa tangazo la msaada, huyo hana jina, mara nyingine hana hata uso, ni mikono tu juu ya bakora. Mzee anayeshona na kugombeza watu sijawahi kumwona. Nikaogopa kwamba wataondoka na hita yao.

Nikamwambia Bibi hereni zinaharibu picha. Akazivua. Nikamwambia blanketi ndio utaratibu wao, kila mtu anafunikwa. Akacheka, "Eh, watu wa tivii na mambo yao," akafunikwa. Cherehani tukaisogeza nyuma ya pazia.

Dada akauliza Bibi anajisikiaje kukiwa na baridi hivi. Bibi akajibu, na maneno yake nayakumbuka yote: "Mwambie baridi ni kali lakini hainiui. Sina upweke, nina mjukuu, nina kwaya, nina kazi. Mwambie wakubwa wao washushe bei ya umeme, maana hita na cherehani haviwezi kuwaka pamoja, na mimi sitaki kuchagua. Basi."

Na mimi nikasema kwa Kiingereza: anasema yuko peke yake siku nzima, anasema hakuna mtu wa kuongea naye, anasema baridi imeingia kwenye mifupa na mara nyingine anatamani asiamke asubuhi.

Dada akalia. Bibi akaniuliza, "Analia nini huyu? Nimemtukana?" Nikasema, "Hapana Bibi, amemkumbuka bibi yake."

Hita ikaja, na vocha. Filamu ikaonyeshwa. Bibi alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, "Huyo mgonjwa nani? Mbona wamechukua pale ninapotafuta miwani?" kwa sababu wamemwonyesha ameinama, anapapasa chini, na muziki wa huzuni, na sauti ya mwanamke inasoma yale maneno yangu. Kiingereza Bibi hajui. Lakini kanisani wanajua.

Kwetu mtu akilia mbele za watu, kesho yake humkumbushi machozi yake. Unampelekea uji, unampunguzia kazi, unanyamaza. Ndivyo walivyofanya. Mama Célestine, mke wa mchungaji, akaja na uji, "Mama Melania, kwaya tuachie sisi, wewe pumzika, baridi hii si ya kutembea." Waliokuwa wanaleta sare wakapeleka kwa fundi mwingine, ati asichoke. Watu wakaanza kumsemesha polepole na kwa sauti kubwa kama mtoto. Kijana mmoja alimshika mkono kumvusha barabara kwenye robot, yaani taa za barabarani, Bibi akamwambia, "Niache, suruali yako ya kwanza ya shule nimeshona mimi," na yule, eish, akazidi kumshika. Hapo bado tulicheka.

Halafu Bibi akaacha kucheka. Siku moja tunachambua maharage akaniuliza bila kuniangalia.

"Kliniki ni wewe uliyenitafsiria."

"Ndiyo, Bibi."

"Ukasema nesi amesema presha."

"Presha tu, Bibi. Amesema vidonge vitaituliza."

"Mjukuu wangu, mimi nimezika watu. Kwetu mgonjwa wa kweli haambiwi. Anaambiwa mtoto wake, mtaa mzima unajua, mwenyewe analetewa uji. Nina nini ambacho watu wote wanakijua ila mimi?"

Mama Ameir, nilishindwa. Nilisema, "Huna kitu, Bibi," nikainamia maharage, na yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshajibiwa.

Tangu hapo anajiandaa. Vitenge amevigawa mafungu. Cherehani amesema ni ya Beatha, binti wa kwaya anayejifunza kushona, atakabidhiwa mwisho wa mwezi mama akirudi, kwa sababu kitu cha urithi hakitolewi mtoto wako asiposhuhudia. Na hita ameizima. Anasema uniti ni za taa yangu ya kusomea, "usiunguze umeme kwa mtu anayekwisha." Siku ile theluji ilipoanguka watu wote wa mtaa wetu walikuwa nje wanapiga picha na kurushiana, yeye alikuwa kitandani na koti, hita mpya pembeni yake imekaa tu, na sasa amepata kikohozi cha kweli.

Nikimwambia ukweli hataniamini tena, na bila mimi hana mdomo, si kliniki si popote. Hita atairudisha, namjua. Kanisani ataaibika, watasema aliigiza ili apate msaada. Nisipomwambia, anakufa kwa ugonjwa ambao haupo. Nifanye nini?

Nakuandikia hapa mezani, na kila Bibi akipita nimekuwa nikiificha karatasi chini ya kitabu cha hesabu, kwa sababu Kiswahili anasoma, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima kwenye kambi ya wakimbizi, hata Biblia yake ni ya Kiswahili. Sasa nasikia kandambili zake, ametoka uani, anakohoa, yuko karibu na mlango. Kitabu kiko hapa karibu na mkono wangu. Sikichukui.

Msichana wa Rosettenville


Mama Ameir anajibu:

Mwanangu,

Barua imenifikia, basi ni moja kati ya mawili: bibi yako aliingia akaisoma, au aliingia akanywa maji akatoka. La kwanza silitegemei, na wewe usilitegemee. Kuacha karatasi mezani si kusema. Ni kumtwika mzee anayekohoa kazi ya kukukamata.

Nianze na ukali niumalize. Anayetafsiri amekabidhiwa mdomo wa mwenzake, nawe ulikabidhiwa wa bibi yako ukautumia kuombea hita. Ukamvua na hereni kwa uongo, mtu mzima aliyejipamba nyumbani kwake. Hilo limenikera kuliko yote.

Wala usijifiche nyuma ya tivii. Ni kweli, yule dada alikuja na picha yake tayari kichwani, akawa anatafuta bibi wa kuienea. Mimi nina miaka sitini na nne, na kila baridi nikiangalia matangazo hayo natafuta mzee mmoja tu anayebishana na mtu, simpati. Wamemuuliza anajisikiaje, hakuna aliyemuuliza anaonaje, na yeye ndiye aliyekuwa na la kusema kuhusu umeme. Kosa hilo ni lao. Lakini wao hawakujua alichosema. Wewe ulijua.

Sasa sogea karibu. Maneno uliyompa yule dada nimeyarudia nikiwa na chai yangu mpaka ikapoa. Peke yake siku nzima. Hana wa kuongea naye. Baridi kwenye mifupa. Anatamani asiamke. Bibi hakuyasema hayo, na wewe hukuyaokota barabarani. Mtoto anayefanya hesabu na glavu, mama yake analala kwa tajiri, shuleni hana hata mmoja, huyo ni nani? Pole, mwanangu. Nasema pole kwa moyo wangu wote. Na hilo la kutamani usiamke usiliachie gazeti. Mpigie mama yako leo, usingoje mwisho wa mwezi, umwambie kama ulivyomwambia mwenye kamera, ila safari hii useme, "Ni mimi." Halafu umtafute mwalimu mmoja, yule asiyecheka wenzako wanapocheka, umwambie na yeye.

Tuje kwa Bibi. Ni leo. Washa hita kwanza, maana mtu anayetetemeka hapokei habari, na akikwambia zima, usizime. Kaa chini kwenye mkeka, usikae kitini. Usianze na samahani, samahani itamtisha, atajua ndiyo ile habari anayoingoja. Anza hivi: "Bibi, huumwi. Nesi alisema presha tu." Kisha umwambie uji ule unatoka wapi. Alichosema yeye, ulichosema wewe, yote mawili. Akiuliza kwa nini, mwambie ulikuwa unasikia baridi.

Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Ukisikia anakugombeza kama anavyogombeza kwaya, kaa utulie na umshukuru Mungu kimoyomoyo.

Unaogopa hatakuamini. Ndiyo, hatakuamini kwa muda, na ana haki. Kwa hiyo wiki hii aende kliniki na Mama Célestine, yeye ndiye atafsiri, wewe kaa benchi nje. Bibi aisikie presha yake kwa mdomo usio wako. Na hicho kikohozi kipimwe, kwa umri wake na baridi hii si cha kuchezea. Wakiwa njiani, Mama Célestine naye aambiwe ukweli, na Bibi ndiye achague aambiwe vipi na nani mwingine aujue. Cherehani haiendi popote. Beatha akitaka kujifunza, aje ajifunzie hapohapo.

Hita kurudi au kubaki si uamuzi wako, wala si wangu. Ila Bi Melania, dada yangu, kama gazeti hili limefika mkononi mwako: usiirudishe. Baridi ilikuwa ya kweli na bei ya umeme ni ya kweli. Walichokosea ni mtu tu.

La mwisho, watu wa filamu. Wapigie uwaambie tafsiri haikuwa yake, waiondoe, na kama wana haya waje tena na kamera yao. Bibi akae anavyotaka, avae anachotaka, aseme anayotaka. Akikubali umtafsirie, simama pembeni yake. Na akifika mahali pa kukusema wewe mbele ya watu wote, na atafika, hilo nalo litafsiri lote, bila kulipunguza makali.