Kahawa ya Mama Imetafunwa na Kila Mtu Isipokuwa Mimi

Hopkins, Minnesota
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia ukiwa huko Deventer, Uholanzi, kwa Dada Koku, mahali ambapo sikuwahi kufikiri nitakuandikia. Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi? Ngazi ya boti haikukutelezesha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye shida, na sababu yake utaiona mbele. Naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha barua na kumtumia Koku akuchapie, kwa sababu tukiongea kwa simu nitakudanganya tena.

Nimeona picha na video zote za safari yenu. Umekaa mbele kabisa kwenye ile boti nyeupe ya injini ya mjomba wake shemeji Wim, umevaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa juu ya kitenge, mnapanda mto IJssel. Pale Kampen daraja lenye magurudumu ya dhahabu likainuliwa ili mpite. Magari yamesimama pande zote mbili nawe unayapungia mkono kama askofu. Nimesikia Koku akikuambia, "Mama, wote hao wanakusubiri wewe!" Nawe ukajibu, "Waache wasubiri, hata mimi nilisubiri viza."

Nilicheka mwenyewe jikoni. Halafu wivu ukanishika. Nilimwonea wivu Koku, ambaye tangu utoto ndiye anayekaa karibu yako. Nilimwonea wivu mtu wa daraja, kwamba alikuona ukipita. Lakini picha za Deventer ndizo zilizonimaliza. Mmefunga boti, mmetembea kwenye mitaa ya mawe katikati ya nyumba za matofali za zamani sana, na wewe umeketi kwenye ngazi za kanisa kubwa. Umetoa kile kikasha chako cha ukindu, umechukua tunda la kahawa kavu, umelipasua kwa meno. Mbegu moja umetafuna wewe. Ya pili umempa Wim.

Wim, Mama! Mtu mzima anayepaka mkate siagi na kunyunyizia chokoleti juu yake. Siku niliyoondoka nyumbani Kanyigo tulipasua tunda kama hilo mlangoni, mimi na wewe, kila mmoja mbegu yake, ukasema, "Jingine tutapasua tukionana." Huu ni mwaka wa sita. Nilirudia ile video mpaka simu ikazima.

Jumapili Wanjiru alinichukua kwa gari lake kwenda Anoka, watu wa kanisa walikuwa wanachoma nyama kando ya mto. Huyu Wanjiru ni Mkenya, tunakaa meza jirani ofisini kule Crystal, tukikagua karatasi za saa za wahudumu wanaokwenda kutunza wagonjwa majumbani. Ikapita boti nyeupe mtoni, nikaigeuzia mgongo.

"Wewe Mugisha, hata boti ya wenyewe imekukosea?" akaniuliza. "Si u-book ndege uende kwa mamako! Karatasi uko nazo, viza uko nayo. Ama unangoja akuje akubebe mgongoni?"

Nikamjibu kwamba ofisi imekataa kunipa likizo. Akaguna, akarudi kwenye nyama.

Jumatatu ndipo kifurushi chako kilipofika. Sikujua kwamba umekituma. Bosi wetu, Linda, aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Mezani palikuwa na kipande cha jani la mgomba, kahawa za kutafuna ndani yake, na barua iliyoandikwa na Koku kwa niaba yako. Aliisoma kwa sauti: wewe, mama yake Mugisha, unamletea mkubwa wa kazi kahawa, kama inavyofanyika kwetu mtu akiwa na ombi; na ombi lako ni moja tu, amruhusu mtoto wako aje akuone kabla hujarudi nyumbani.

Kisha akasema, "Mugisha, nilisaini likizo yako mwezi uliopita. Mama yako ananiomba kitu gani?"

Akachukua tunda moja, akalitia mdomoni lote, na ganda lake. Uso ukamkunjamana, lakini hakulitema. "Kali," akasema. "Sasa nimekula, kwa hiyo lazima nikubali. Nenda."

Mama, ukweli ni huu. Likizo nilipewa. Tiketi nilikuwa nayo. Siku ya safari nilifika uwanja wa ndege mapema, saa nne nzima kabla ya ndege kuondoka, na bahasha ya nakala za kila kitu. Mbele yangu kwenye foleni ofisa akamsogeza pembeni mzee mmoja amuulize maswali. Nikakumbuka yote yanayosemwa kanisani, kwamba kutoka Marekani ni rahisi, kurudi ndiko kwenye maswali. Kazi yangu ni kutafuta makosa kwenye karatasi za watu, na dakika ile niliamini kwamba kwenye zangu lazima lipo moja. Nikatoka kwenye foleni, nikajifungia chooni mpaka ndege ikaondoka. Halafu ofisini nikasema safari imeahirishwa, na wewe nikakupigia simu nikamsingizia Linda. Wewe ukaingia mfukoni ukamtafutia kahawa.

Nisamehe, Mama. Nimekuwa nikimchukia Wim kwa kiti ambacho mimi mwenyewe nilikiacha wazi.

Linda amenisogezea likizo. Tiketi mpya ni ya Jumamosi hii, na Wanjiru ameapa atasimama nami hadi mwisho wa foleni, na nikigeuka atanipigia kelele mbele ya watu. Bado naogopa.

Nisalimie Dada Koku, na umwambie asinicheke kabla sijafika. Nisalimie shemeji Wim bila kumwambia niliyoandika. Ukipiga simu nyumbani, msalimie baba mdogo Rwegasira anayetutunzia mji.

Fungua kikasha uniwekee tunda moja, lisiguswe. Nikifika, tulipasue hapo hapo mlangoni. Nisipofika, mpe Wim mbegu yangu, nami sitakuwa na neno la kusema.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Mugisha