Jina la Mtoto Limekwama Mugoma

Mugoma, Ngara
13 Septemba 2025

Mpendwa dada Josiane,

Shikamoo dada. Habari za huko Kanada na hiyo baridi yenu? Shemeji Matiasi mzima? Na mpwa wangu bado anawakesha? Sisi tunapumua. Mvua za kwanza zimeanza kudondoka, tunaandaa maharage, na mke wangu Claudia bado ananivumilia, sijui kwa dawa gani.

Najua unacheka, muuza intaneti anaandika kwa kalamu. Nikikupigia, mama anakuwa pembeni anasikia kila neno, na haya sitaki ayasikie. Barua nampa Fideli anayesafiri, akaiposti Dar.

Biashara yangu unaijua. Kisahani kiko juu ya bati, kinanasa mtandao kutoka mnara wa mlimani, unashuka kwa waya mpaka kwenye rauta, watu wananunua vocha wanaingia. Siku za kazi inakwenda vizuri tu. Jumapili sasa, saa ya kukupigia, ndiyo uso wako unaganda mdomo wazi kama unataka kumeza simu. Mtoto tumemwona kwa mafungu kama nyama ya buchani, leo sikio, wiki ijayo pua.

Mimi nilikuwa nacheka. Mama hakucheka. Wajukuu wote wa nyumba hii amewapa majina yeye, na hatoi jina mpaka aukazie macho uso wa mtoto autazame vizuri. Wewe mwenyewe ulisema, kwenye makaratasi ya huko aandikwe la baba yake, la nyumbani atalisema bibi. Na macho ya mama unayajua, ile presha ya macho. Jicho moja lilishakwenda, la pili daktari alisema dawa inalichelewesha tu. Kila Jumapili iliyokwama ilikuwa inatula muda wa jicho hilo.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza nikasingizia ukungu. Halafu nikasingizia mkaratusi wa mzee Kazimili, nikamwomba akate matawi yanayoziba mlima. Akakata huku ananung'unika kwamba mti wake ulikuwepo kabla ya intaneti na kabla yangu. Hakuna kitu. Nikabadilisha waya nikidhani mbuzi wameutafuna. Hakuna kitu.

Nikampigia Wema, yule binti fundi wa Ngara mjini. Akanieleza kwamba picha yako haisafiri nzima, inakatwa vipande vidogo vidogo, wenyewe wanaita pakiti, na njia ikijaa rauta inatupa zinazozidi. Nikapima asubuhi kabla mtu hajaingia, haikupotea hata moja. Nikapima Jumapili, zinamwagika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka.

Nikapanda juu ya bati nikakague kisahani. Kutoka kule nikatazama uani, dada, watu wamejaa kama harusi. Majirani waliokuja kukusalimia, kila mmoja kainamia simu yake anasubiri zamu. Huyu mpira, yule mahubiri, Avelina anashusha filamu nzima. Na vocha nimewapa mimi mwenyewe, bure. Mgeni kwetu hakai mikono mitupu. Zamani ungemchomekea mrija kwenye chungu cha pombe ya rubisi, siku hizi unampa namba za waifai. Basi mirija ilikuwa mingi, chungu kimoja, na mrija wa mama unavuta hewa.

Nikashuka nikamwambia mama kwamba Jumapili ijayo nawazimia wote tubaki sisi wa nyumbani. Akakataa.

"Renatus, hawa walinilimia nilipovunjika mguu. Leo nimepata raha niwafungie mlango?"

"Mlango hatufungi mama, ni waifai tu."

"Ni kitu kilekile."

Ikabidi Wema aje mwenyewe na pikipiki. Akaipanga rauta, kila mgeni apate kipimo kidogo, simu ya mama ipite mbele ya wote. Hakuna aliyefukuzwa. Jumapili iliyopita uliona mwenyewe, ulikuja safi mpaka kope zako nikaziona, mtoto anapiga miayo, uani vigelegele. Mama akatabasamu, akasema mtoto mzuri. Halafu ukanisikia nasema mtandao umekata.

Haukukata, dada. Mama alinivuta shati.

"Mwambie mtandao umekata," akaninong'oneza. "Mimi naona giza tu."

Nikamtazama, kumbe uso kaugeuzia dirishani na simu iko upande wa pili. Nilipomuuliza tangu lini, akasema tangu siku zile nahangaika na mti wa Kazimili. Alinyamaza asinikatishe tamaa.

Tumerudi hospitali. Hawana cha kurudisha. Mimi ambaye watu wanakuja kibandani kunisikiliza tu nikiwachekesha, wiki nzima sijamchekesha mtu. Njia imezibuka, pakiti hazipotei, na nimekuwa kama mtu aliyemnunulia kiziwi redio.

Jana nikamsihi alitaje tu jina, ulisikie kwa simu yaishe. Hataki. Anasema macho yamekwisha lakini vidole vipo, atausoma uso wa mtoto kwa vidole, na vidole havipiti kwenye kisahani changu. Nikamwambia Kanada si Biharamulo, mtu hapandi gari asubuhi jioni akafika. Akasema atasubiri. Anavyokonda, dada, sijui atasubiri kwa nguvu gani.

Asijue kwamba nimekuandikia. Ukipiga, usimsemeshe habari za picha. Msogeze mtoto kwenye simu amsikie anavyopumua, inatosha. Na kama kuna njia yoyote, mlete. Mimi ninayekula kwa intaneti nakuambia, hili haiwezi.

Claudia anakusalimu, na Avelina. Mzee Kazimili naye anakusalimu, ingawa mti wake umebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Nisalimie sana shemeji Matiasi. Mungu awafunike wote watatu na awafungulie njia ya kuja.

Na huyo mdogo mwambie mjomba wake anamsalimu. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitaka kumwandika kwa jina, sina la kuandika.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda siku zote,
Renatus