Dumu la Maji ya Mvua

Jumatano jioni, Nangwa

Nimechekwa leo, na nilistahili.

Tangu nipate meno haya ya bandia, kila jioni nayavua, nayasugua kwa mswaki laini na sabuni juu ya beseni, halafu nayalaza kwenye kikombe cha maji ya mvua. Ya mvua tu! Maji ya kisima chetu yaliyatia rangi ya kahawia meno yangu ya kwanza tangu utotoni, nikaapa haya meupe hayatayaonja. Dumu langu haligusi mtu. Jumapili nilimfokea Paulina, mke wa mwanangu, kwa kumnywesha mtoto wake kikombe kimoja tu.

Leo mjini Katesh nikamweleza daktari wa meno habari za dumu, nikingoja sifa. Akacheka mpaka akakaa.

"Mzee, maji yale ya kisima yanaharibu meno ya mtoto, wakati yanajengeka ndani ya ufizi. Haya yako yalishamaliza kujengeka. Maji yoyote safi yanatosha, mradi yasiwe ya moto."

Njia nzima nilimuwaza mjukuu wangu, Neema. Ana miaka miwili. Na mimi nimekaa nalinda maji.

Nilipofika nikalibeba dumu mwenyewe hadi jikoni.

"Baba, na meno yako je?" Paulina akauliza.

"Yangu yananunuliwa. Maji haya ni ya Neema."

Sasa meno yamelala kwenye maji ya kisima, meupe vilevile. Ila kabla ya kuyavua nilimwomba Paulina radhi, ili kila neno lisikike.