Mkono Mgongoni mwa Baba

Shoga yangu Poongodi, mimi na mchumba wangu Varadhan basi. Siolewi!

Tumetoka sinema sasa hivi, familia zote mbili. Ile komedi ya bwana harusi anayeficha tabaka lake la kuzaliwa. Baba yake Varadhan kacheka mpaka machozi. "Wajinga hawa! Bado wanaulizana tabaka?"

Tulipotoka tu, akamkumbatia baba yangu. Mkono ukaanza kutambaa mgongoni. Juu, chini, juu tena. Anapapasa kama kuna ule uzi wanaovaa wanaume wa Kibrahmini, tabaka la juu, chini ya shati! Mzee mzima!

Varadhan kaona kila kitu, akajifanya anasoma bango. Mwanaume gani huyo?

Baba akafungua vifungo viwili, taratibu. "Tazama vizuri, mzee mwenzangu. Uzi hakuna. Sasa rudi ndani ukajicheke upya."